Odisheni za vyuo vya uigizaji Marekani: kocha nyota tano, Chicago nne, kifurushi cha ushauri moja

Naanza na nyota ili mwenye haraka aondoke na lake. Kocha wa uigizaji tuliyemlipa kwa saa: tano. Safari ya Chicago kwenye odisheni za pamoja, zile zinazoitwa Unified: nne. Kampuni ya ushauri iliyotuuzia kile inachokiita kifurushi kamili: moja, na hiyo moja ni ya dada wa mapokezi aliyenijibu kwa lugha nzuri nilipopiga simu kudai pesa zetu. Kocha ni mtu binafsi na hakuniomba nimtangaze, kwa hiyo simtaji. Kampuni siitaji pia, ila kwa sababu nyingine.

Mimi ni dereva wa lori, kwetu Tanga, sasa naishi Columbus, Ohio. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi, zamu za usiku. Binti yetu alipoingia mwaka wa tatu wa haiskuli alitutangazia kwamba chuoni atasomea uigizaji. Mama yake akaendelea kuchambua mchele. Mimi nikauliza bei. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo watu wakagawanyika: nusu wakasema asome unesi, nusu wakaweka picha ya Lupita.

Hilo la Lupita nililifuatilia, na limetufaa kuliko walivyokusudia waliolitaja. Lupita Nyong'o alisoma kwanza Hampshire College, chuo kidogo huko Massachusetts, ndipo akaenda Yale kwa shahada ya uzamili ya uigizaji, akamaliza 2012. Oscar ikaja 2014. Danai Gurira, Mzimbabwe mzaliwa wa Marekani, shahada yake ya kwanza ni saikolojia, Macalester kule Minnesota, na uigizaji akausomea uzamili New York University. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanzia kwenye zile shahada za BFA, shahada ya kwanza ya sanaa inayokazia mafunzo ya uigizaji wenyewe, ambazo watoto wa hapa wanazigombania wakiwa na miaka kumi na saba. Nilipomwonyesha binti yangu alinyamaza, kisha akaongeza kwenye orodha yake vyuo viwili vya BA, ile shahada ya kwanza ya kawaida, visivyo na odisheni. Mzazi mwenzangu, fanya hivyo mapema. Orodha ya BFA tupu ni kamari.

Maana utaratibu wenyewe, kwa sisi tuliozoea kwamba matokeo ya mtihani ndiyo yanayokupeleka chuo, unashangaza. BFA ina milango miwili. Ofisi ya udahili inaangalia alama na insha. Idara ya maigizo inamwangalia mtoto akiigiza. Unaweza kupenya mmoja ukagonga mwamba kwenye mwingine. Na nafasi ni chache mno: darasa la uigizaji la Juilliard, shule maarufu ya sanaa ya New York, ukichanganya shahada ya kwanza na uzamili, halizidi watu ishirini hivi kwa mwaka. Kalenda nayo haina huruma. Fomu na insha ni mwanzo wa mwaka wa mwisho wa haiskuli, video za mchujo kati ya Oktoba na Desemba, odisheni zenyewe Januari na Februari, majibu Machi hadi Aprili, na tarehe 1 Mei familia iwe imeamua. Ndani ya kalenda hiyo wewe una mizigo ya kupeleka Memphis.

Sasa kocha. Ni mama wa makamo, mwigizaji wa jukwaani, anafundisha kwa video kutoka mji mwingine. Bei yake ya saa moja ilikuwa pungufu ya tairi moja la lori, na kila nilipolipa nilipiga hesabu hiyo hiyo moyoni. Saa ya kwanza hakumruhusu binti yangu kuigiza hata neno. Alimuuliza amesoma tamthilia gani nzima, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Binti alikuwa ameokota monolojia mtandaoni, yaani maneno ya mhusika mmoja, kipande kisicho na mchezo nyuma yake, kimeandikwa tu ili watu wakifanyie mazoezi. Kocha akakitupa. Vyuo vingi vinataka kipande kitoke kwenye tamthilia iliyochapishwa, na wanaosaili huuliza: huyu mtu ametoka wapi, dakika moja kabla kulitokea nini? Asiyesoma mchezo mzima hapo anababaika.

Kwa kawaida wanataka vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha kisasa na kimoja cha zamani, na cha zamani mara nyingi humaanisha Shakespeare. Kocha akampa Portia mke wa Brutus, kwenye Julius Caesar, usiku ule anapomdai mumewe amwambie kinachomkosesha usingizi. Niliposikia hilo kutoka jikoni nikaingilia: huyo mimi namjua kwa Kiswahili! Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huo, ukatoka mara ya kwanza 1963, kisha akaupitia upya ukatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Shuleni kwetu tulikuwa na nakala iliyochakaa ambayo mwalimu wa Kiswahili aliilinda kwa fimbo. Nikampigia mdogo wangu Tanga, akaitafuta kwa rafiki yake mwalimu, akapiga picha kurasa za Portia moja moja akazituma. Picha ya tatu ina kidole gumba chake.

Tukasoma mezani, mimi Brutus, yeye Portia. Kiswahili cha binti yangu ni cha nyumbani, cha "njoo ule" na "umemaliza homuweki?", kwa hiyo mashairi ya Mwalimu yalimpa taabu. Lakini katikati akasimama akaniuliza:

"Baba, kwa hiyo huyu mama anamnyima mumewe usingizi mpaka aseme?"

"Ndiyo. Muulize mama yako."

Mama yake, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu, alicheka mpaka akakaa. Akasema Portia ana haki, mwanamume anayerudi safari halafu hasemi kitu ni mzigo. Binti aliandika hilo pembeni ya karatasi yake.

Hapa ndipo nilipojua kocha anastahili pesa yake. Binti alipomsimulia, mwingine angesema vizuri, tuendelee. Yeye alimwambia akifanye kipande chote kwa Kiswahili, pale pale. Kocha hajui Kiswahili hata cha salamu. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa chumba nikijifanya natafuta funguo. Binti akafanya, na pale Portia anapoonyesha jeraha alilojitia pajani ili kuthibitisha kwamba anaweza kutunza siri, sauti yake haikupanda kabisa, ilishuka. Kocha akamsimamisha. Akamwambia: mpaka pale ulipopiga magoti ulikuwa unaomba, kuanzia hapo huombi tena, unadai. Kwa Kiingereza unaomba mwanzo mpaka mwisho. Rudia kwa Kiingereza sasa hivi, kabla haijakutoka. Akarudia. Mimi si mtu wa maigizo, ila hata mimi nilisikia tofauti.

Mambo madogo pia aliyajua. Alimfundisha asiwakodolee macho wanaomsaili, amweke Brutus wake juu kidogo ya vichwa vyao. Tukabandika kibandiko cha bei cha ndizi ukutani, na kibandiko hicho kikawa Brutus mpaka Januari. Alimfundisha kutaja jina lake na jina la kipande bila kuharakisha, maana jina la Kitanga ukilikimbiza mbele ya Wamarekani wanalipoteza lote. Alimzoesha kurekebishwa: umemaliza kipande, mtu anakuambia fanya tena, safari hii kana kwamba watumishi wamelala chumba cha pili. Wanataka kuona kama unabadilika au umekariri. Kuhusu video za mchujo alitutuliza. Vyuo vingi sasa vimeoanisha masharti, kwa hiyo rekodi moja inatumika kwa wengi, na hawatafuti sinema. Tulitumia simu, tukapata chumba cha kusomea cha bure kwenye maktaba ya umma, tukatundika shuka la buluu ukutani, taa mbili za mezani, picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakuna aliyetulalamikia ubora.

Kama kuna la kumlaumu, ni kwamba majibu yake ya baruapepe yana maneno manne. Unamwandikia aya tatu za wasiwasi wa mzazi, anajibu: "Yuko sawa. Alale mapema." Mwanzoni nilikasirika.

Kifurushi sasa. Tulikinunua kabla hatujampata kocha, kwa bei ambayo siiandiki kwa sababu mama mkwe wangu husoma mitandao. Kiliahidi orodha ya vyuo iliyotengenezwa mahususi kwa mtoto wetu, ukaguzi wa insha, odisheni ya majaribio na ushauri wa fedha. Orodha ilipokuja ilikuwa nzuri kuitazama, na karibu vyuo vyote vilikuwa vya binafsi vya gharama ya juu. Ilituambia pia tuandae monolojia kwa ajili ya Northwestern, chuo kikuu karibu na Chicago, wakati anayeomba kusomea maigizo pale hafanyiwi odisheni, anaomba kama mwanafunzi mwingine yeyote. Hilo liko kwenye tovuti yao, halihitaji mshauri. Kisha harusini, hapa hapa Columbus, tukakaa meza moja na mama mmoja Mkongo ambaye mwanawe naye anafuata mkondo huu. Akatoa simu kunionyesha orodha yake mahususi. Ilikuwa ile ile, vyuo vile vile, na jina la chuo kimoja limekosewa herufi ile ile. Mtoto wake anaimba besi, wangu haimbi kabisa.

Odisheni ya majaribio ilikuwa dakika kumi na kijana aliyesema kila kitu ni cha ajabu. Ushauri wa fedha ulikuwa kiungo cha FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo.

Niwaambie yale ambayo kifurushi kilipaswa kusema. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinalazimika kisheria, tangu 2011, kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato cha familia, kinakupa makadirio ya utakacholipa baada ya misaada. Kaa nacho kabla ya kulipia fomu yoyote. Vyuo binafsi kadhaa maarufu kwa maigizo vinazidi dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, chumba na chakula. Kingine kwa familia yenye kipato kama chetu kinashuka sana, kingine hakishuki kitu, na huwezi kujua kwa kutazama jina. Baadhi vinataka CSS Profile, fomu nyingine ya kueleza hali ya fedha ya familia, zaidi ya FAFSA. Ada za maombi zina msamaha kwa wenye kipato cha chini kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, na mshauri wa shule ya mtoto wako ndiye anayethibitisha. Ada ya odisheni mara nyingi hutozwa peke yake, kwa hiyo kiandikie chuo ukiombe kikusamehe nayo. Tuliandika, na baadhi walikubali siku hiyo hiyo. Haya yote ni bure.

Na Chicago. Wazo lenyewe ni zuri: badala ya kumzungusha mtoto kwenye kila kampasi, vyuo vingi vinakuja mahali pamoja kwa siku chache. Inafanyika New York, Chicago na upande wa magharibi, kati ya mwisho wa Januari na Februari. Chicago kwa miaka mingi imekuwa katika hoteli ya Palmer House, mtaa wa Monroe katikati ya jiji, lakini kabla ya kukata chumba angalia tangazo la mwaka wako. Jengo ni la kifahari, dari la sebule yake limechorwa kama kasri, na ndiyo hoteli inayojisifu kwamba keki ya brownie ilizaliwa jikoni mwake kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1893. Binti alikula moja. Mimi nilikuwa na chai ya tangawizi kwenye chupa na chapati za mke wangu kwenye begi, sikuona haya.

Kama unatoka Ohio au Indiana kwa gari, usiingie nalo mjini. Maegesho ya katikati ya Chicago yatakula pesa ya chakula. Sisi tulilala upande wa Indiana, hoteli ya barabarani ya bei ya kawaida, tukaegesha kituo cha treni cha East Chicago, ambacho licha ya jina lake kiko Indiana, tukapanda South Shore Line mpaka Millennium Station. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa dakika kama kumi. Barabara ya I-65 juu ya Lafayette, kwenye ile mitambo ya upepo, Januari ni hatari. Gari dogo linasukumwa kama karatasi. Ondokeni mapema, mpitie hapo mchana. Saa ya Chicago iko nyuma ya Columbus kwa saa moja, kwa hiyo kwenda unapata saa ya bure. Kurudi utailipa.

Ndani ya hoteli ni dunia nyingine. Korido za juu zimejaa vijana waliovaa nguo za rangi moja zisizo na maandishi, kila mmoja anaongea na ukuta. Nilipita kando ya mvulana aliyekuwa anamwomba radhi mpenzi wake aliyekufa, kisha msichana anayemfokea mfalme, na mfanyakazi wa usafi akasukuma kigari chake katikati yao bila kugeuza shingo. Hewa ya joto ni kavu, midomo inapasuka. Tulinunua kimashine kidogo cha mvuke cha kuweka kando ya kitanda usiku na kilisaidia sana. Milango ya vyumba vya kusailia ina karatasi za ratiba. Mtoto anaingia peke yake. Dakika chache anatoka. Wewe mzazi kaa chini, kwenye sebule, mbali na mlango. Nilimwona baba mmoja amesimama kando ya mlango na daftari, anamwuliza mwanawe alipotoka: walicheka? walicheka mara ngapi? Yule kijana aliingia lifti bila kumjibu.

Kilichonifurahisha zaidi ni nafasi za kuingia bila miadi. Baadhi ya vyuo huweka karatasi ya kujiandikisha mlangoni, na kama wana nafasi wanakusikiliza hapo hapo. Kwa familia isiyoweza kulipia maombi mengi mapema, hii ni neema. Usiende na mpango uliojazwa kila dakika. Acha mchana mmoja wazi, mtoto azunguke asome milango. Binti alijiandikisha kwenye chuo kimoja cha serikali ambacho hatukuwahi kukisikia, akapewa nusu saa ya kusubiri. Ndani walikuwa wawili na kompyuta ndogo. Alifanya Portia, wakamwambia arudie akinong'ona, ile ile ya watumishi waliolala. Alitoka akitabasamu na kuomba chapati.

Si vyumba vyote vilikuwa hivyo. Katika chumba kimoja, chuo chenye jina kubwa, msaili alikuwa anaandika kwenye simu yake muda wote binti alipofanya kipande cha kisasa. Binti alitusimulia kwenye treni bila kulia. Nikafungua mdomo, akaniambia, "Baba, usiseme kitu, ngoja kwanza nile." Basi nikanyamaza, tukapita Hammond kimya.

Nyota moja niliyoipunguzia Chicago ni ya gharama, si ya waandaaji. Chumba, treni, chakula, na siku ambazo dereva haendeshi halipwi. Lakini ukilinganisha na kwenda kampasi moja moja, kwetu ilikuwa nafuu bila ubishi, na mtoto alifanya odisheni zote akiwa bado wa moto badala ya kupozwa wiki mbili kati ya moja na nyingine. Kama huwezi kusafiri kabisa, vyuo vingi hupokea odisheni ya video ya moja kwa moja. Waulize kama wanaipa uzito sawa, na uombe wakujibu kwa maandishi.

Majibu yalikuja kwa vipande. Vile vikubwa vilikataa, kimoja kwa barua nzuri, vingine kwa sentensi moja. Chuo kimoja idara ya maigizo ilimtaka, ofisi ya udahili ikamweka kwenye orodha ya kusubiri. Ile habari ya milango miwili. Kile chuo cha serikali cha karatasi ya mlangoni kilimchukua na barua ya fedha ikawa na tarakimu ambazo mimi na mama yake tunaweza kuzisoma tukiwa tumekaa. Kimoja kati ya vile viwili vya BA nacho kilimkubali, nafuu zaidi kidogo. Wakati naandika hivi bado wanajadiliana, yeye na mama yake, na mimi naulizwa tu kuhusu umbali wa barabara.

Kwa wanaotaka kocha wa aina hii: ulizeni walimu wa maigizo wa haiskuli, wao wanawafahamu. Ombeni kulipa saa moja moja, msikubali kulipia msimu mzima. Wetu huanza kupokea wanafunzi wapya Juni, na ikifika Septemba huwa amejaa.